Jasho, Neema na Mlima wa Rusumo

Jumapili ya Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali. Njia ilikuwa ya kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walivyopanda siku ile unapata zaidi ya mita 5,400 za kwenda juu. Walioanza walizidi mia moja na hamsini. Waliofika mwisho walikuwa 30. Mashindano hayo hayakuwahi kufanyika Afrika, na safari hii yalikuja mpaka mlangoni petu, maana kutoka Kigali hadi daraja la Rusumo, mahali Rwanda inapokutana na wilaya ya Ngara, ni mwendo wa kilomita kama 160. Upande huu wa daraja wanaume wanaendelea kupandisha mikungu ya ndizi kwa baiskeli za chuma, wakinyonga panaponyongeka na kusukuma pale mlima unapowashinda, na ukishuka kuelekea Lusahunga na Biharamulo utawakuta wengine na magunia ya mkaa na mahindi yaliyofungwa kwa mipira kwenye keria. Wale wa Kigali wanapimwa kwa saa ya waamuzi. Hawa hakuna anayewapima. Swali linalozaliwa hapo ni la zamani kuliko baiskeli yenyewe, na wanateolojia na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: je, mshindi anastahili ushindi wake? Na kama anastahili, ni kwa lipi hasa?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba anastahili kwa sababu ametoka jasho. Lina ukweli ndani yake, nami nitalirudia. Ila kwanza tuutazame mpaka wenyewe, kwa sababu Rusumo inatupa ushahidi ambao mwanafalsafa angelazimika kuubuni. Vilima vya Ngara na vya mashariki ya Rwanda ni vya aina moja. Watu wa pande zote wanakula ndizi na maharage na kulima kahawa, na Mhangaza wa Ngara anaelewana na Mrundi bila mkalimani. Mstari uliowatenganisha ulichorwa na watu waliokuwa wakiwaza mambo mengine kabisa. Makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, kati ya Uingereza na Ubelgiji, yaliikata Gisaka, nchi iliyo ng'ambo tu ya Rusumo, ikawekwa upande wa Waingereza waliokuwa na ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Miaka michache baadaye ikarudishwa Rwanda. Bugufi nayo, ambayo zamani ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, ikaachwa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Ngara. Kalamu ingeteleza kidogo tu, na mtoto aliyezaliwa ng'ambo ile miaka ya 1980 angekuwa Mtanzania, na mtoto wa Ngara angevaa jezi ya nchi nyingine. Hakuna kati yao aliyefanya lolote, jema wala baya, ili kuzaliwa upande aliozaliwa.

Adrien Niyonshuti alizaliwa mwaka 1987 Rwamagana, mji ulio kwenye barabara hiyohiyo ya kutoka Rusumo kwenda Kigali. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalimpokonya kaka zake sita. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na Benako, wilayani humo, ikageuka mji wa mahema. Miaka 12 baadaye Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka California, aliandaa nchini Rwanda mashindano yaliyowahusisha hata waendeshaji wa baiskeli za mbao. Akaanzisha mradi wa baiskeli za kubebea kahawa, na katika vuguvugu hilo ikazaliwa timu ya taifa yenye makocha na vifaa. Mkondo huo ulimchukua Niyonshuti hadi kwenye mashindano ya Ulaya, na mwaka 2012 akabeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London, akamaliza mbio za baiskeli za milimani akiwa wa 39. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu iingizwe kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Tuhesabu vilivyohitajika ili mambo hayo yatokee: mgeni mwenye uwezo na moyo, serikali iliyoona umuhimu wake, makocha, viza, barabara ya lami, na baiskeli ya mashindano ambayo bei yake leo inaweza kuvuka milioni 20 za Tanzania. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwenye mapaja ya Niyonshuti. Wala hakuna kilichovuka daraja kumfuata kijana wa rika lake wa Rulenge au Kabanga, wilayani Ngara, ambaye huenda alikuwa na mapaja kama yale.

Kenya inatupa mfano ulio wazi zaidi. David Kinjah wa Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, ndiye aliyemfundisha Chris Froome, mtoto wa wazazi wenye asili ya Uingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Walipanda vilima vilevile, na mwanzoni mwalimu ndiye aliyekuwa akimwacha mwanafunzi. Froome alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa na leseni ya Uingereza. Kinjah alibaki Kenya akiwafundisha watoto wengine. Simvunjii Froome heshima, maana hakuna anayeshinda mbio zile kwa kusukumwa. Nasema tu kwamba pasi ya kusafiria haifanyiwi mazoezi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokaa jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili. Alipotumia mfano wa mbio alijua wasomaji wake wanauona kwa macho. Katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza anawataka wajitie nidhamu kama wanamichezo wanaotafuta taji, na anakumbusha kwamba taji la uwanjani ni la majani na litanyauka. Wahubiri wengi huishia hapo, na mahubiri yakawa ya jasho tupu. Lakini katika sura ya 4 ya waraka huohuo Paulo amekwisha kuwavua kiburi watu walewale kwa kuwahoji kama wana chochote kisichotoka kwa mwingine. Basi mwalimu mmoja, ndani ya barua moja, anawahimiza wajitahidi hadi mwisho na papo hapo anawanyima haki ya kujisifu. Wapo wanaoona anajipinga. Mimi naona amelishika jambo kwa pande zake zote mbili: jitihada ni wajibu wa aliyepewa, na wajibu huo ukitimizwa haugeuzi kilichotolewa kuwa mshahara. Kibarua hudai ujira wake. Aliyekabidhiwa amana huulizwa ameitumiaje. Waislamu wa Biharamulo na Ngara nao wamefundishwa kwamba siku ya hesabu mja ataulizwa ujana wake aliumalizia katika nini. Swali hilo nalo ni la matumizi, na mwenye mali amekwisha kujulikana.

Ngara ingepaswa kulielewa hili upesi kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa Uamsho wa Afrika Mashariki ulizaliwa jirani. Ulichipuka miaka ya 1930 Gahini, kituo cha misheni ya Waanglikana mashariki ya Rwanda, ambacho hakiko mbali na Rwamagana, ukaenea Uganda na Burundi na kuingia Kagera. Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Murgwanza, imekulia katika hewa hiyo. Kiini cha ibada za Uamsho kilikuwa ushuhuda: mtu anasimama mbele ya ndugu na kueleza aliyotendewa. Aliyesimama akahesabu aliyoyatenda mwenyewe alionekana hajafika bado. Sasa msikilize mshindi wa mbio kubwa za baiskeli anapohojiwa akiwa bado anahema. Kabla ya kusema lolote juu ya miguu yake, aghalabu huwataja wenzake wa timu mmoja mmoja. Anatoa ushuhuda, awe anaamini au haamini.

Na hiyo si adabu ya mdomoni, maana upepo wenyewe unamlazimisha kusema hivyo. Anayenyonga kwa kasi kwenye tambarare anatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Aliyekaa karibu nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu hizo, na aliye katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Ndiyo maana timu za kulipwa za Ulaya zina watu ambao kazi yao ya maisha ni kumkatia mwingine upepo, kurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji na kuzigawa, kumvulia kiongozi gurudumu lao akipata pancha wakati wao wamesimama kando ya barabara wakisubiri msaada. Vijana wengi wa Afrika wanaofika Ulaya huanzia kazi hiyo, na baadhi huistaafia. Majina yao hayatajwi kwenye habari za jioni. Mshindi wa Tour de France hupewa euro 500,000, na kwa desturi ya miaka mingi fedha hiyo hugawanywa kwa wenzake na wahudumu wa timu, bila sheria yoyote inayomlazimisha. Desturi hiyo nadhani imetunzwa na watu waliojua kwa miili yao jambo ambalo vitabu vya falsafa vimelifikia kwa kuzunguka sana, kwamba mtu mmoja anaweza kuvaa jezi ya njano na bado asiwe ndiye peke yake aliyeishinda.

Hapa wapo watakaosema ninawadhulumu wanaoteseka. Mtu anaamka alfajiri, ananyonga saa sita katika mvua ya Ubelgiji, anaishi chumba kimoja na watu wasiojua lugha yake, anakula chakula kisichomtosheleza moyo. Leo aambiwe ushindi wake ni zawadi? John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1971 katika kitabu chake A Theory of Justice kwamba hakuna mtu anayestahili vipaji alivyozaliwa navyo, na kwamba hata moyo wa kujituma hutegemea kwa sehemu kubwa malezi na hali ambazo mtu hawezi kujidai nazo. Kuhusu vipaji nakubaliana naye. Kuhusu moyo wa kujituma amekwenda mbali mno, na mchezo huu wenyewe unaonyesha. Mwaka 2012 Lance Armstrong alivuliwa mataji yake 7 ya Tour de France kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na watu walioujua mchezo waliona haki imetendeka. Kama hakuna chochote kinachotoka kwa mtu mwenyewe, hukumu hiyo haina msingi. Naye angeweza kujitetea kwamba hata udanganyifu wake ni matunda ya mazingira. Tunamlaumu mdanganyifu kwa kuwa tunaamini uamuzi ulikuwa wake. Ni lazima basi, kwa kipimo hichohicho, tumsifu mkweli na mvumilivu, kwa kuwa uamuzi wake nao ni wake.

Kwa hiyo nalitenganisha jambo. Mwendesha baiskeli anastahili sifa yote ya uvumilivu na uaminifu wake. Asichostahili ni nafasi ya kwanza yenyewe kama kitu anachoweza kukidai dhidi ya wengine waliovumilia sawa naye. Mbeba ndizi wa Ngara naye huamka alfajiri, na mzigo alionao ni mzito mara nyingi kuliko baiskeli ya mashindano, ambayo kanuni za kimataifa zinairuhusu ishuke hadi kilo 6.8. Kama jasho ndilo lingekuwa kipimo cha malipo, hawa wawili wangelipwa sawa, na pengine wa pili angelipwa zaidi. Jasho ni la lazima ila halitoshi. Lile linalozidi jasho waumini huliita neema, wengine huliita bahati, na uamuzi wa kuliita hivi au vile una matokeo makubwa. Bahati haina mtoaji, na kisicho na mtoaji hakimdai mtu. Mwenye bahati anaweza kufunga mlango wake akalala. Neema humwacha mtu na deni. Asiyemwamini Mungu naweza kumwambia hivi: hata ukimwondoa Mtoaji mkuu, wamebaki watoaji wadogo, waliokukatia upepo na waliokununulia baiskeli ya kwanza, na hao wana nyuso na majina.

Mwanafalsafa mwenzake, Robert Nozick, alimjibu Rawls mwaka 1974, na mfano wake aliuchukua michezoni. Watu wanamiminika kumtazama Wilt Chamberlain akicheza mpira wa kikapu. Kila mmoja, kwa hiari yake, anatumbukiza sarafu katika sanduku lenye jina la mchezaji huyo. Mwisho wa msimu Chamberlain ni tajiri na hakuna aliyedhulumiwa. Nozick hahitaji kuthibitisha kwamba Chamberlain anastahili urefu wake. Inamtosha kwamba fedha ilitoka kwa wenyewe kwa ridhaa yao, na asiyekubali ataje ni hatua ipi iliyokuwa ya dhuluma. Ni hoja nzito, na kwa michezo ya uwanjani sijapata jibu jepesi. Lakini mbio za baiskeli hazina geti. Wakazi wa Kigali walisimama kandokando ya njia bila tiketi, na uwanja ulikuwa barabara ya umma iliyofungwa kwa siku kadhaa, wenye maduka na madereva wakavumilia. Barabara ya kutoka Lusahunga hadi Rusumo, kilomita kama 90, kila anayeitumia kwa mazoezi anaitumia kwa hisani ya kodi ya mwenye kibanda wa Nyakanazi na ya mkulima ambaye maisha yake yote hatashindana na mtu. Mwendesha baiskeli anafanyia kazi yake juu ya mali ya wote tangu siku ya kwanza anapopanda. Sanduku la Chamberlain haliwezi kueleza hali hiyo, kwa sababu waliochangia hawakuulizwa na jina la mchezaji halikuandikwa popote.

Pingamizi linaloniuma zaidi linatoka nyumbani. Ukishasema ushindi ni amana, unaweza kuwa umewapa ndugu na majirani kamba ya kumfunga kijana. Kila familia ya Kagera yenye mtu ughaibuni inaijua hali hiyo: simu za ada, za bati, za msiba, za mtaji wa duka, zikimfuata mtu ambaye mkataba wake ni wa mwaka mmoja na goti lake limeanza kuuma. Je, hoja yangu inawapa haki? Hapana. Amana hudaiwa kwa kufuata kusudi lake na watu wake, na kijiji ambacho hakikumpa mtoto hata upepo wa tairi hakiwezi kujitokeza siku ya zawadi kikajiita mkopeshaji. Deni la mwendesha baiskeli linaanza kwa waliomkatia upepo na waliomfundisha, linakwenda kwa yule mdogo anayemfuata kwenye mlima uleule, na kwa ukweli wa mchezo wenyewe. Kwa ndugu zake anadaiwa kile anachodaiwa kila mwana na kila kaka, bila kujali kama alishinda au alikuwa wa mwisho.

Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent–Wevelgem, Machi 27, 2022, hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda mbio za hadhi ile. Wiki moja baadaye ilikuwa Tour of Flanders, ambayo Wabelgiji huiheshimu karibu kama sikukuu ya dini, na wengi walimtamani abaki. Alikuwa amekaa Ulaya miezi mitatu na alikuwa ameshapanga kurudi Asmara kwa mke na binti yake. Akarudi. Miaka miwili baada ya hapo alishinda hatua tatu za Tour de France na kuitwaa jezi ya kijani. Katika kurudi kule naona mtu aliyejua kwamba kipaji chake ni kitu anachokitunza, na kwamba kukitunza hakumpi mtu yeyote, awe meneja au mshabiki, haki ya kummiliki yeye. Binti yake hakuwa akimngoja bingwa wa Gent–Wevelgem. Alikuwa akimngoja baba.

Upo upande mwingine usiosemeka kwa urahisi. Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyekuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa ili waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki wapate mashindano na njia ya kufika kwenye mbio za kimataifa. Alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mbio huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Mtu wa dini anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama ni halali kuuweka uhai uliotolewa na Mungu rehani kwa ajili ya jezi. Sitamjibu kwa kukigeuza kifo hicho kuwa sadaka, maana hakikununua chochote, na wenye kuandaa mbio wanadaiwa usalama wa kila anayeshiriki. Lakini namwomba aliulize swali lake kwa usawa. Huko Burundi, kwenye mteremko wa kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, vijana hushuka na mizigo mikubwa ya ndizi kwa kasi ya magari, na kupanda tena kwa kung'ang'ania nyuma ya malori. Vilima vya Ngara vina miteremko yake na breki zake zilizochoka. Huko hatusikii mjadala wa kiteolojia kuhusu hatari, kwa sababu tumekwisha kuzoea kwamba maskini ahatarishe maisha ili ale. Kangangi alijua alichokuwa anakifanya na kwa ajili ya nani: alitaka anayemfuata asihangaike kutafuta njia kama yeye. Yule wa Bugarama hajapewa hata nafasi ya kuchagua hatari yake.

Hapo ndipo mfano wa talanta, katika sura ya 25 ya Mathayo, unapogeuka kuwa mgumu kuliko tunavyousikia kanisani. Mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini anahukumiwa, na tumezoea kuwatishia vijana kwa hadithi hiyo. Lakini tufanye nini na talanta iliyofukiwa na watu wengine? Kijana wa Rulenge mwenye moyo na mapafu ya kupanda mlima kama Niyonshuti, asiyewahi kuiona baiskeli ya gia wala kusikia kwamba kuna mbio, hakuchimba shimo lolote. Walichimba wengi kwa pamoja, na kila mmoja alichota udongo kidogo: waliochora mpaka kwa ajili ya reli, bajeti ambazo michezo ni mstari wa mwisho wa kukatwa, sisi tulioamini kwamba baiskeli ni chombo cha mzigo na mchezo ni mpira wa miguu. Tanzania ina chama chake cha baiskeli, CHABATA, na Mwanza imewahi kuwa na mashindano makubwa yaliyodhaminiwa na kampuni ya simu, yenye mbio za wanaume, za wanawake na za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo hatuwezi kusema haiwezekani Kanda ya Ziwa. Kwa mantiki ya mfano huo, hesabu inahamia kwa mwenye jembe.

Ila nina hofu na kosa la upande wa pili, la kumtazama kila mbeba ndizi kama bingwa aliyepotea. Anayepandisha mkungu hadi sokoni amefanya tendo lililokamilika, watu watakula. Maisha yake hayangoji kuhesabiwa haki na medali ambayo hakupewa nafasi ya kuigombea, na atakayemhurumia kwa sababu hiyo atakuwa amemtukana. Sura ya 20 ya Mathayo inasaidia hapa. Wale vibarua walioitwa saa ya mwisho kwenye shamba la mizabibu walipoulizwa kwa nini wamesimama mchana kutwa, walieleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwabishia. Aliwaingiza shambani, na jioni akawalipa sawa na waliochomwa na jua tangu asubuhi, ambao walinung'unika kwa hoja ileile ya jasho. Nauona huo kuwa msimamo wa Injili juu ya thamani ya mtu: haipimwi kwa nafasi aliyopata. Lakini tusisahau kwamba mwenye shamba alitoka kwenda sokoni mara kadhaa siku ile. Hakukaa nyumbani akisubiri jioni awafariji kwa fadhila.

Kwa hiyo kinachotudai Ngara na Biharamulo si kuzalisha mabingwa. Wilaya zenye uhaba wa maji safi na zahanati hazihitaji medali kwanza, na anayepinga matumizi ya fedha za umma kwa michezo ana hoja ya kusikilizwa. Kinachotudai ni cha gharama ndogo: kutoka kwenda sokoni. Saa ya kupimia muda, kilima kinachojulikana urefu, mwalimu wa sekondari anayewapanga wanafunzi Jumamosi, fundi wa baiskeli anayeshirikishwa badala ya kuachwa kando. Na mbio moja kwa mwaka inayovuka mto, kutoka Rwanda kupitia Rusumo kupanda hadi mji wa Ngara, kisha Lusahunga na Biharamulo, yenye zawadi ya timu iliyo kubwa kuliko ya mtu mmoja, ili mkata upepo asirudi nyumbani mikono mitupu. Maporomoko ya Rusumo yanazalisha umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zimekubaliana kugawana, na hakuna aliyedai kujua mvua ilinyesha kwenye kilima cha nani. Tangu mwaka 2016 ukaguzi wa mpakani pale unafanyika kwenye kituo kimoja cha pamoja, hivyo hata kuvusha baiskeli mia moja siyo tatizo la kutuzuia. Lami ipo na mlima upo. Halmashauri za wilaya hizi mbili zikae na CHABATA na vyama vya baiskeli vya Rwanda na Burundi, wapange tarehe, na watangaze mapema ili hata wa vijiji vya mbali na barabara kuu wasikie.